Kilango cha Betri

Mama yangu wa Murera,

Mchana huu nimekaa hapa Kimbo, pazia likipepea polepole, nikawa kama nakusikia ukiniita kutoka jikoni kwa ile sauti yako ya kiwandani. Mashine za kufuma kule Thika zilikumalizia masikio, nawe ukabaki unaongea kana kwamba bado zinanguruma kati yetu.

Unakumbuka siku tuliyokuletea kifaa cha kusikia? Betri yake ilikuwa ndogo kuliko punje ya maharagwe ya njahi. Tulibandua kile kikaratasi chake, tukaiacha dakika moja ipate hewa, ndipo tukaifungia ndani. Ukageuza kichwa huku na huku. Kisha ukauliza, "Kumbe hii saa ya ukuta huwa na kelele hivi? Na yenyewe ni ya mawe?"

Ni ya mawe, nikakujibu, ukacheka. Wewe uliyezoea mawe ya redio, zile betri kubwa ulizoanika juani ili ziongeze siku mbili tatu, hukuamini kwamba kibetri kidogo vile cha sikioni kingedumu. Basi ukakibania. Kila ulipolala, hata usingizi wa mchana, ulifungua kilango cha betri kwa ukucha, kifaa kikazimika. Mahubiri yakirefuka, kilango. Nikianza kukusumbua kuhusu sukari kwenye chai, kilango, tena na tabasamu juu yake.

"Mami, mawe yameisha," ulinidanganya. Uliniita Mami kwa sababu nina jina la mama yako, na hata nilipokasirika jina hilo lilinipoza.

Alasiri ile ya mwisho ulikuwa umelala, macho umefumba, kifaa kikiwa sikioni. Nilijua umeshafungua kilango, kama kawaida yako. Hapo ndipo nikapata ujasiri. Nikakwambia kuhusu siku uliyokuja shuleni na nanasi kwenye kiondo, ukaita jina langu kwa nguvu hadi darasa likaangua kicheko, nami nikawaambia wenzangu wewe ni jirani tu. Nilikuonea aibu, Mama. Nikakuomba msamaha, nikaenda kukupashia uji moto. Niliporudi ulikuwa umeshakwenda.

Nilikitoa kifaa sikioni mwako mimi mwenyewe, nikakifunga kwenye leso yako bila kukitazama. Tangu siku hiyo imeniuma kwamba nilisubiri hadi usiweze kunisikia ndipo nikasema.

Leo nimeifungua leso. Nilitaka tu kunusa ile harufu yako ya sabuni ya kipande.

Kilango kimefungwa, Mama. Betri imo ndani, imeisha kabisa kwa kuachwa ikifanya kazi tangu siku ile.

Nimekishika kiganjani hadi kikapata joto. Ulikuwa umefumba macho tu. Wewe uliyeibania betri hata kanisani, siku hiyo hukuibania.

Lala sasa, Mama. Yaliyobaki nitakwambia polepole, hata bila mawe.

Ni mimi binti yako,
Mami