Sikio Lako Halikukauka

Somoe mdogo wangu,

Nimetoka Newala juzi. Mama hajambo, ila magoti yanamsumbua, na kisima cha uani cha kuhifadhia maji ya mvua kimepasuka, kwa hiyo maji yote yamepotea. Majirani wa upande wa msikitini, wale waliohamia pale wewe ukiwa bado mgongoni kwa mama, wanaendelea kumwita Mama Somoe. Shangazi alijaribu kuwazoesha waseme Mama Hawa, kwa kuwa mimi ndiye niliyebaki. Mama hakuitika. Wakaacha.

Nataka nikueleze kazi ninayofanya, maana inakuhusu.

Tulipokuwa wadogo masikio yalitutoka usaha sote wawili. Mama alitulaza kwenye mkeka mmoja akatusafisha kwa pamba ya kijiti, mimi kisha wewe. Langu likakauka. Lako halikukauka. Matone ya hospitali yalilituliza, lakini mvua zikianza usaha ulirudi. Shuleni wenzako walisogea mbali nawe kwenye dawati kwa sababu ya harufu, na mwalimu akakuita mkaidi, kumbe husikii. Ukazoea kutusoma midomo. Wakati wa kuokota korosho, nikitaka ugeuke, nilirusha bibo karibu na mguu wako. Ulinikasirikia mara moja tu, lilipokuchafulia gauni la Idi.

Halafu kikaja kivimbe nyuma ya sikio, na homa. Ulisema, "Dada, kuna mtu anatwanga ndani ya kichwa changu." Tulipokuteremsha hospitali ya Masasi shingo yako ilikuwa imekaza, umeniegemea begani, na kila gari liliporuka kwenye korongo ulinifinya mkono. Baadaye ukaacha kunifinya. Daktari alisema usaha umetoboa mfupa na kuingia kwenye ubongo. Mama akamuuliza kwa nini sikio la dada yake lilikauka na la huyu likaendelea. Akajibu kwa upole kwamba hajui. Jioni ile ile ulifariki.

Nilisomea utunzaji wa wanyama, nikapata kazi kwenye maabara ya chuo, mbali na nyumbani. Nalea panya. Wako wa ukoo fulani ambao masikio yao hujaa maji mazito bila mtu kuwafanya lolote. Wanazaliwa na udhaifu huo. Ndugu zao wa ukoo mwingine, chakula kile kile, maranda yale yale kwenye vizimba, masikio yao yanabaki makavu. Watafiti wanatafuta tofauti iko wapi. Tunawapa dawa ya usingizi, tunawachezea sauti, na mashine inatuonyesha kama ubongo umesikia. Mwisho tunawaua, taratibu, bila maumivu. Mfupa wa sikio unakatwa vipande vyembamba na kuwekwa chini ya hadubini.

Somoe, nimeona. Nyuma ya kiwambo cha sikio la panya mzima kuna nafasi tupu, safi. Kwa mgonjwa nafasi hiyo imejaa, ngozi yake ya ndani imevimba, vifupa vidogo vya kupitisha sauti vimezama. Nilitazama muda mrefu mpaka mwenzangu akaniuliza kama naumwa. Miaka yote ile nilikuwa nimeona pamba tu.

Palikuwa na panya mmoja jike. Nikifungua mlango wenzake wote walijificha, yeye aliendelea kula, hajui kama kuna mtu. Nikawa nagusa kizimba chake polepole kabla ya kumshika, asishtuke. Zamu yake ilipofika nilimshika mimi mwenyewe, sikutaka mwingine. Alikuwa na joto mkononi. Nilipomaliza nilivua glavu, nikakaa chooni na kulia, nikaamua kwamba basi, sirudi tena kazini.

Nikaomba likizo, nikaenda kwa mama. Nilimweleza tukiwa tunabangua korosho. Mwanzo alidhani namtania, maana panya kwetu anachomwa analiwa, hapewi daktari. Nilipomweleza yote, akaacha kubangua.

"Na hao panya, wanapona?"

Nikamwambia hapana. Tunawaua ili tujue.

Alipozungumza hakunitazama. "Mwanangu alikufa, na hakuna aliyejua kitu zaidi ya alichokijua jana yake. Tulizika tu." Akafuta masizi mikononi. "Rudi kazini, Hawa."

Nimerudi. Najua bado kuna siku nitalia. Sitakudanganya kwamba dawa imepatikana, wala sijui kama itapatikana ningali hai. Watafiti wanasema udhaifu huo huenda hauko mahali pamoja tu, na mtoto si panya. Wanayoyajua ni machache, ila ni mengi kuliko siku ile ya Masasi.

Jambo moja lingine. Jirani yetu pale kwa mama ana binti anayeanza darasa la kwanza, Rukia. Nilimpa salamu kutoka nyuma, akaendelea kuchora mchangani. Sikio la kushoto lina pamba. Nilikaa na mama yake tukazungumza kwa muda, na siku ya pili tukaenda naye hospitali. Amepewa dawa na tarehe ya kurudi. Mama yetu ndiye atakayemkumbusha mama wa Rukia. Amekubali, pamoja na magoti yake yale.

Kwa heri, mdogo wangu. Usiku mwema huko uliko, Mungu akupanulie kaburi. Kesho nina vizimba vya kusafisha. Nakuahidi Rukia hatateremshwa Masasi akiwa amechelewa, hata kama itabidi niache kazi wiki nzima nije nimbebe mwenyewe.

Dada yako,
Hawa