Ba Prof Makumi Sita na Ine

Bruxelles, 4/3/2025

Tata mupenzi,

Jambo sana, wewe na mama na mudogo wangu Plamedie. Mugongo ya mama inaendelea namna gani? Miye niko muzima, ila baridi ya huku haina huruma.

Tata, ile kazi mupya nilikuambia, ni hii: biro yetu inapanga ma université ya inchi yetu kwa ubora, ya kwanza, ya pili, mpaka ya mwisho. Kutoka université yenu ya Naviundu, formulaire, ile karatasi ya kujaza, haijarudi. Chef alinicheka: "Ile université ya baba yako iko kweli?" Iliniuma! Weye ni appariteur, mwenye kuandikisha, ma dossier ya banafunzi na ba prof iko mu mikono yako. Jaza, recteur, mukubwa wenu, asaini, tuma. Chef anasema namba haina ndugu wala kabila.

Mutoto wako,
Cathy

Katuba, 21/3/2025

Cathy mwana wangu,

Tuko bazima, Mungu eko. Mugongo inasumbua mama akifua tu. Na weye, unapata bukari huko, ao ni mikate asubui na mangaribi?

Nilijaza. Nilihesabu ba prof jina kwa jina, siku mbili nzima: makumi sita na ine! Hata miye nilishangaa. Recteur alisaini bila kusoma, akanipiga ku bega. Plamedie anamaliza masomo ya secondaire mwaka huu, anataka kuwa munganga. Ile mutoto anasoma mpaka chakula inapoa.

Tata yako,
Floribert, appariteur

Bruxelles, 10/6/2025

Tata,

Jambo kwa bote, na ikaa kwanza. Muko ba tatu mu inchi, nyuma ya université mbili tu! Juu ya kulinganisha hesabu ya ba prof na ya banafunzi, munapita hata ma université ya zamani. Miye sikugusa kitu, machine ndiyo inahesabu. Chef hacheki tena. Nilicheza peke yangu mu ascenseur, ile lifti ya biro.

Cathy yako

Katuba, 29/7/2025

Mwana wangu,

Tuko bazima, lakini huku ni fujo! Banderole, kitambaa kikubwa ya maandishi, inafunika mulango muzima: "Ya tatu mu inchi." Bantu banatoka Likasi, banatoka Kolwezi, banashika mustari tangu asubui. Recteur sasa ananiita "papa Flori".

Plamedie alipata diplôme, 74%. Anasema: "Mi siendi ku université ya Leta, ya serikali, kule banasoma wima, viti haitoshi. Mi naenda kwa tata. Yaya Cathy, mukubwa wangu mwenyewe, aliipanga ya tatu." Anachagua médecine. Inscription, kujiandikisha, inafungwa tarehe 31 mwezi wa nane. Mama anaimba tu mu nyumba.

Tata yako,
appariteur wa ba tatu

Bruxelles, 5/8/2025

Jambo tata. Mama na Plamedie beko namna gani? Miye roho haitulii.

Nilifungua ile liste yako. Prof Mwelwa, si ndiye alinifundisha gymnastique ku secondaire, ule wa filimbi? Prof Chama, si ndiye wa chorale ya paroisse? Na ba prof makumi mbili, majina yabo naona tena mu maliste ya ma université ya miji mingine, bantu ni bale bale! Formulaire iliuliza ba docteur, bale ba masomo ya juu kabisa, benye kukaa pale kila siku. Weye ulihesabu nani? Plamedie asijiandikishe mbele ya weye kunijibu.

Cathy

Bruxelles, 19/8/2025

Tata,

Napiga simu, mama anajibu "tata yako ametoka". Ametoka mara tano! Kama unanikasirikia, nikasirikie, lakini jibu. Ile namba tatu ilipita mu mikono yangu, na mudogo wangu ndiye anaiamini. Siku zinaisha, tata!

Cathy

Katuba, 2/9/2025

Cathy,

Mama ni muzima. Miye, niache kwanza.

Sikusema bongo, sikudanganya mutu. Huku kwetu prof ni nani? Mwenye kukamata chaki tunamuita prof, tangu zamani. Hata Mwelwa na filimbi yake, banamusalimia mu barabara: "Jambo, prof!" Uliuliza ba prof, nikahesabu ba prof. Sasa nimehesabu tena namna ulisema. Ni tano. Ba tatu kati yabo banakuya na ndege, banafundisha juma mbili, banarudi kwabo. Microscope ni moja, na jicho yake ilipasuka.

Tarehe 30 Plamedie alifika ku dirisha yangu, amevaa nguo ya misa. Alinipa dossier akicheka. Cachet, ile muhuri ya kuandikisha, nilikuwa nayo tayari, nikaiweka chini. Nyuma bantu banapiga makelele: "Papa Flori, piga basi!" Nilimurudishia dossier, nikamuambia: enda ku Leta, binti yangu, kasome wima. Alilia mbele ya bote. Ameandikwa kule, lakini mpaka leo hanisemeshi.

Na bale ba nyuma yake? Nilibapigia cachet bote, Cathy. Mia mbili na kitu, batoto ba bengine. Hiyo ndiyo inanikula.

Natuma formulaire mupya: ba prof tano. Recteur alikatala kusaini. Nilisaini miye.

Tata yako

Bruxelles, 9/9/2025

Tata wangu,

Jambo, na pole. Chef alisoma. Anasema bila signature ya recteur haiko objectif, haiaminiki, munabaki ba tatu mpaka mwaka kesho. Nikamuuliza: ile makumi sita na ine, yenyewe ilikuwa objectif? Akajibu: "Ilikuwa na signature." Niko nazunguka mu biro sawa kuku anatafuta fasi ya kutaga. Tufanye nini, tata?

Cathy

Katuba, 17/9/2025

Cathy mwana wangu,

Tuko bazima bote, kweli bazima. Ile formulaire nilibandika ku mulango, chini ya banderole, na majina ya bale tano. Bantu balisoma. Makumi tatu na moja baliomba dossier yabo, nikabarudishia. Bengine balisema muzee amerogwa, bakaenda kulipia masomo. Saa tano recteur alikuya kuninyang'anya cachet mu mukono.

Formulaire ya mwaka kesho itajazwa na Mwelwa, ule wa filimbi. Ndiye appariteur sasa.

Jana Plamedie aliniwekea bukari, akauliza: "Tata, nikuongezee matembele?" Nilisema ndiyo, hata kama nilikuwa nimeshiba.

Tata yako tu,
Floribert