Tangu lini Mukongomani anafundishwa kucheza?

Papa Abigaël,

Fufu iko mu sahani ya bluu, uifunike vizuri. Mboga ya sombe hakuna, na unajua kwa nini. Asubuhi hii ulitaka kunionyesha ile danse ya country, ya ma-cowboy, ya fête ya patron wako wa kazi, ukarusha muguu kama punda, sufuria yote ikaenda chini. Kisha ukasema ni mimi nilisimama upande mubaya! Jikoni mwetu munaenea watu wawili tu, huo upande muzuri uko wapi?

Tangu Noël ninakuambia tulipe mwalimu, muntu wa kazi yake. Wewe unajibu: "Tangu lini Mukongomani anafundishwa kucheza? Tena na Mubelgiji?" Bon. Huyo Mukongomani amejifunza mu telefone. Watu wa mu telefone wakienda kushoto, yeye anaenda kuume, halafu anawagombeza wao.

Alors, pangusa ukuta. Sombe imefika mpaka juu ya frigo. Mutoto akitoka masomo, umueleze wewe mwenyewe kwa nini leo tunakula fufu na sardines.

Mimi nimeenda kwa mwalimu, kule Schaerbeek, ile salle nyuma ya kanisa letu. ~~Usinifuate.~~ Kuja, lakini utakaa nyuma na wenye kuanza.

Na usitafute chapeau yako ya cowboy. Maman yako ameivaa. Anafundishwa kule tangu Pasaka, alinikataza kukuambia. Sasa anasimama mustari wa mbele.

Maman Abigaël