Kidole Ulichokosa

Tata,

Tangu juzi kidole changu cha shahada kinauma, na sina wa kumwambia akanielewa ila wewe, baba yangu. Mama ningemwambia, lakini bado analia akiona hata mshale mmoja tu mezani.

Unakumbuka ulivyonifundisha kurusha vishale pale klabu ya wafanyakazi, Dilala? Nilikuwa na miaka tisa. Wewe mashine ya mgodi ilishakukata kidole chako cha shahada, ukawa unashika mshale kwa gumba na kidole cha kati. Mimi nikaiga kila kitu: mguu wa kulia mbele, kiwiko juu, jicho moja nimelifumba. Na kidole changu kizima nikakikunja kiganjani, nikidhani ndivyo vishale, fleshete zetu, vinavyorushwa. Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Mado, weye uko na bidole yote. Tumikisha yote!"

Sikutaka. Nilitaka mkono kama wako.

Miaka ishirini nimerusha hivyo. Tulipokuzika, wenzako wakanipa nafasi yako katika timu. Fulana yako ya kijani naivaa mimi, nimeipunguza mabegani kwa cherehani yangu. Lakini mishale yangu inaanguka chini, Tata. Mara mbili tumefungwa kwa sababu yangu.

Kapteni bado ni Tata Ilunga, unamjua, hana maneno mengi. Juzi alinishika mkono, akakikunjua kile kidole polepole, akakiweka juu ya mshale.

"Unarushaka sawa vile marehemu," akasema. "Lakini marehemu alirushaka vile juu hakukuwa na kidole, alikosa namna."

Nilikasirika. Niliona kama ananinyang'anya wewe. Nikarusha ili nimwonyeshe kwamba amekosea, mshale ukaingia katikati kabisa. Wa pili ukakaa ubavuni mwake. Nikatoka nje nikalia, na mtu wa taksi-moto akadhani nasubiri pikipiki yake, akaniuliza, "Mama, tunaenda wapi?" Ungekuwepo ungecheka sana.

Nimekukumbuka, Tata. Nikikikunja kidole, nauona mkono wako mbele yangu. Nikikinyoosha, naona wangu tu. Ndiyo maana ninashindwa kukinyoosha, si kwamba sijui.

Jumapili hii inakuja timu ya Fungurume. Nikiharibu tena, nafasi atapewa mwingine, na jina letu litafutwa kwenye orodha ya ukutani, pale ulipoliandika mwenyewe kwa chaki.

Basi nimeamua. Nakuahidi nitatumikisha vidole vyote, kama ulivyoniambia. Nimechelewa, nisamehe, ulijua kichwa changu ni kigumu. Ila mshale wa kwanza, ule wa kupasha mkono moto ambao hauhesabiwi, nitaukunjia kidole. Huo ni wako. Hata ukigonga ukuta mbele ya Fungurume nzima, sitamwomba mtu radhi.

Lala vizuri, Tata.

Mado wako