Mtungi wa Don Evodio

Jumatatu, 4 Novemba

Leo nimeogopa hadi meno yakagongana. Ofisini, hapa makumbusho, mchana kweupe!

Mkurugenzi aliniita juu. Nilidhani ni habari ya vile vigae vilivyofika vimevunjika. Kumbe amekaa Don Evodio mwenyewe, yule tajiri anayeogopwa na mji mzima, kofia gotini, na mbele yake sanduku la nyanya. Ndani, katikati ya majani makavu, mtungi wenye sura ya mungu wa mvua – ameketi, miguu kakunja, ulimi umepasuka kama wa nyoka. Mzuri! Kazi ya Wazapoteki, wenyeji wa kale wa huku kwetu, kama ni wa kweli. Hapo kwenye "kama" ndipo kazi yangu inapoanzia.

Don Evodio anataka jibu kabla ya Jumamosi. Hataki cheti. Cheti, kasema, ni cha watu wasioaminiana. Anataka nimwambie kwa mdomo wangu huku nikimtazama machoni.

Nikajitia ushujaa, nikamkumbusha kwamba ukiwa wa kale kweli, kisheria ni mali ya taifa. Akacheka. "Taifa ndiye nani, binti? Mlete kwangu, nimchinjie mbuzi." Mkurugenzi naye akacheka, kisha akaanza kukagua dari kana kwamba inavuja.

Mwaka jana dalali Wilfrido alimuuzia Don Evodio kinyago cha jiwe. Kikagundulika ni feki. Wilfrido hajaonekana tangu Pasaka. Mkewe bado anabandika picha yake stendi ya mabasi kila wiki.

Kwa hiyo nikisema mtungi ni feki, kuna aliyeuuza, na mtu huyo amekwisha. Simjui ni nani. Hata hivyo chakula kimenishinda.

Jumanne, 5 Novemba

Nilifunga mlango wa maabara kwa ufunguo. Lenzi, taa, kioo kidogo cha daktari wa meno. Udongo wa kijivu – sawa. Mchanga wake – sawa. Vijimizizi vilivyoganda nyuma ya masikio – sawa. Miaka kumi na tisa katika kazi hii, na ningeapa ni wa kale. Nikafurahi peke yangu kama mwendawazimu. Hakuna atakayekufa!

Halafu nikaingiza kioo ndani, chini kabisa kwenye kitako.

Alama ya punje ya mahindi.

 Niliulaza mtungi mezani, nikakaa sakafuni.

Kwetu Santa Inés wafinyanzi wamejaa, lakini ni nyumba moja tu inayobonyeza punje ya mahindi ndani ya chombo cha kwanza cha kila tanuri kabla ya kuchoma. Bibi Tomasa ndiye aliyeanza, kuuomba moto ruhusa. Punje inaungua, kishimo kinabaki. Baba hufanya hivyo bila kuangalia, kama mtu anavyojikuna. Na punje yenyewe ni pana na bapa, mahindi yetu ya leo haya haya. Mahindi ya wale wa kale yalikuwa na punje ndogondogo. Nimepima mara tatu.

Ni Baba. Mtu mwenyewe ni Baba yangu.

Jumatano, 6 Novemba

Nimedanganya kazini kwamba jino linauma. Nimekwenda Santa Inés.

Nilimkuta Baba anakula maharage na tortilla, chapati zetu za mahindi, peke yake, kama kawaida tangu Mama afariki. Nikauliza moja kwa moja: mungu wa mvua, ulimi umepasuka, nani kauza? Hakushtuka hata kidogo. Kaniambia msimamizi fulani wa shamba alipita, mpole, kofia mkononi, akiuliza kama kuna vitu vya zamani. Baba akamjibu kwamba plau imegonga kitu huko nyuma, kwenye kile kilima cha mawe.

"Sikumwambia ni cha kale. Nilisema plau imegonga. Alichoelewa ni shauri lake."

"Baba! Kwa nini?"

Akafuta sahani kwa kipande cha tortilla. Amefinyanga miaka sitini, kasema, na watalii wanapunguza bei ya bakuli kama wananunua vitunguu. Alitaka kitu chake kimoja tu kitazamwe vizuri. Kisha, macho yanang'aa: "Wewe umekitazama? Kikoje?"

Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumkumbatia. Nikasema ni kizuri sana, nilikaribia kudanganyika. Akacheka hadi akakohoa.

Ndipo nikamwambia yule msimamizi ni wa nani. Baba akaweka tortilla chini. Hakuimalizia.

Nimemwomba aende kwa dada yangu Puebla. Hataki. Kasema mtu anayekimbia ameshakiri.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimefanya. Sitaki kuandika lakini nimefanya.

Asubuhi nilikoroga udongo laini na gundi, nikaziba kishimo cha punje, nikapaka vumbi juu yake. Kazi safi. Mimi, ninayewafundisha wanafunzi kwamba kitu hakisemi uongo, ni watu tu!

Sikuwa nimenawa vizuri Don Evodio akaingia. Siku mbili kabla! Nikamtazama machoni kama alivyotaka. Nikasema: ni wa kale. Sauti ilitoka kavu, lakini ilitoka.

Akanibusu kwenye paji la uso. Ana harufu ya sabuni ya watoto, sijui kwa nini hilo linanitisha zaidi.

Nikadhani yameisha. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu haikufika hata mlangoni. Akageuka, akasema mungu hazaliwi peke yake, lazima ana ndugu zake pale chini. Jumamosi saa kumi jioni yule mzee aliyeuuza atamwonyesha mahali, na mimi niwepo ili vijana wake wasichimbe kama nguruwe.

Kisha: "Jina la yule mzee linafanana na la mlangoni kwako, daktari."

"Kijijini kwetu jina hilo ni la wengi."

"Ndiyo," akasema. "Wengi."

Alipotoka nilifunga mlango kwa ufunguo.

Ijumaa, 8 Novemba

Niko kwa Baba. Kule juu kwenye mawe hakuna kitu. Mijusi tu. Lakini kibandani Baba ana miungu miwili iliyokauka, haijachomwa. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kwa hiyo mimi, mlinzi wa urithi wa taifa, leo nimekata kuni za kuchomea urithi bandia.

Tumegombana kwenye tanuri. Baba alikuwa ameshashika punje mkononi. Nikamshika kiganja. Nikamweleza kwamba nimeziba moja na siwezi kuziba kila moja, kwamba hiyo punje ndiyo itakayotuua. Akaniangalia kana kwamba nimemwambia amtukane mama yake.

"Sijawahi kuwasha bila kuomba."

"Leo utawasha, Baba."

Akawasha. Kisha akakaa mbele ya moto, akiulisha kuni mchana kutwa. Mnamo saa tisa tukasikia mlio ndani, kavu, pah! Mmoja umepasuka. Baba akaniambia neno moja tu: "Umeona?"

Umebaki mmoja. Ukipasuka na huu, hatuna cha kuchimbua. Tanuri linataka usiku mzima kupoa. Kesho alfajiri tunautoa, tunaupaka ule udongo wa kilimani, tunauzika. Ifikapo saa kumi jioni utakuwa umepoa. Nimepiga hesabu ya saa mara nyingi mno. Inatosha. Lazima itoshe.

Jumamosi, 9 Novemba

Wamekuja. Saa mbili asubuhi!

Naandika jikoni, kahawa iko motoni, maana Baba kaniambia niwachemshie wageni kahawa, na nisiposhika kitu mikono itanisaliti. 

Mtungi tuliutoa alfajiri, mzima, Mungu ashukuriwe. Ulikuwa bado mkali wa kuunguza – Baba aliubeba kwa magunia mawili na bado aliungua kidole. Tukauzika, tukaweka mawe juu, na mabua ya mahindi juu ya mawe. Nilikuwa nafagia nyayo zetu niliposikia magari. Mawili.

Don Evodio alishuka, akasalimia kwa heshima zote. Shikamoo ya mtu aliyelelewa vizuri. Kasema hakupata usingizi kwa furaha, akaona kwa nini angoje jioni. Baba akaanza kunitambulisha: huyu ni binti yangu, anafanya kazi –

"Najua, mzee. Kwani unadhani kwa nini nilimpelekea yeye? Mgeni angenidanganya kwa hongo. Ambaye muuzaji ni mzazi wake anafikiri mara mbili."

Alitabasamu. Baba naye akatabasamu. Sijui uso wangu ulifanya nini.

Wamepanda kilimani, Baba mbele na sururu, Don Evodio na vijana watatu nyuma. Nawaona kutoka mlangoni. Baba anawazungusha. Anawaonyesha huku, mara kule. Anavuta muda, maskini, anasimulia sijui nini kwa mikono yote miwili, na kidole kimefungwa kitambaa. Mmoja wa vijana anacheka. Vizuri. Wachekeshe, Baba. Wachekeshe hadi saa kumi.

Kahawa imefurika. Nimeiacha.

Wameona mabua. Wameyatupa pembeni. Sasa mawe. Baba ameacha kusimulia.

Don Evodio kawaambia vijana wasogee. Hataki sururu. Anavua kofia, anapiga goti, atafukua kwa mikono yake mwenyewe, taratibu, kama tunavyofanya sisi wataalamu.

Ameweka kiganja kwenye udongo, na udongo bado haujapoa.

Hajakiondoa. Anamtazama Baba, na kiganja bado kiko pale pale.