Daktari wa Diski za Shangazi

Jumatatu, 4 Machi
Mtaa huu hakuna anayeijua kompyuta kunishinda. Nasema mtaa kwa unyenyekevu tu — mji mzima! Shule niliiacha mapema ili walimu wapate kupumua. Shangazi kanikabidhi seva ya studio yake ya picha. Ndani mna diski mbili, mapacha: kila picha inaandikwa kwa huyu na kwa huyu. Mmoja akifa, mwenzake anabaki na kila kitu. Kila asubuhi programu inawapima afya na kuniletea ujumbe. Leo wazima. Daktari ni mimi!

Jumanne, 5 Machi
Ujumbe mwekundu! Diski namba 1 inaumwa, ibadilishwe. Shangazi roho juu. Picha za bibi harusi mmoja zimo humo, hazijachapwa, na baba yake amezikwa juzi. Hana nyingine za mzee akicheka. "Mwanangu, usizichezee hizo." Mimi? Nichezee?
Fundi simu wa jirani akachungulia mlangoni, eti nisome kwanza namba iliyobandikwa kwenye diski yenyewe. Nikamwambia akabadilishe vioo vyake, haya ya wakubwa. Nikachomoa ya kwanza kutoka kushoto, nikachomeka mpya. Seva haikuzima hata kidogo! Sasa pacha aliyebaki anamnakilia mgeni picha zote. Shangazi kanipa soda baridi.

Jumatano, 6 Machi
Yule mgonjwa nimekuja naye nyumbani. Nikamfuta kila kitu, nikampima upya — buheri wa afya! Nimemponya! Nikamjaza sinema. Binamu akauliza kama kweli alikuwa anaumwa. Wivu huo.

Alhamisi, 7 Machi
Kunakili kunasuasua. Diski iliyobaki inakwaruza kama kuku anachakura. Na ujumbe uleule: namba 1 inaumwa. Programu imechanganyikiwa hii! Namba 1 si yuko kwangu anaonyesha sinema?
Nikapita kwa fundi simu. Kupita tu. "Daktari," akasema, "mashine inaanza kuhesabu na sifuri. Namba moja ni ya pili." Akacheka mpaka bisibisi ikamdondoka. Nikacheka na mimi. Kidogo.

Ijumaa, 8 Machi
Bibi harusi kaja na mama yake, wamekaa kwenye benchi. Shangazi anawabembeleza: "Subirini kidogo, wanangu, kijana wetu anamalizia." Kijana wao anasali mbele ya skrini. Zimefunguka za keki, za viatu, na ya mjomba wa bwana harusi mdomo umejaa. Mzee bado. Diski inakwaruza — inanyamaza — inakwaruza.
Shangazi kaja kuninong'oneza. Ile niliyoitoa si tunayo bado? Iliugua tu, haikufa. Niilete tujaribu.
Nimesema naifuata. Niko stoo naandika haya. Ninayo, ndiyo. Ndiyo iliyokuwa nzima. Na nimeifuta mimi, kwa mikono yangu, huku napiga mluzi.