Nilimsikia Mama Mkwe Akiniita

Umerudi, siyo? Kabla hatujafika kwenye shida yako nina neno na wewe. Mwaka ule unaolewa uliniandikia unatetemeka, bibi nifanyeje, nikakujibu. Ukaolewa, ukapika, ukashiba, ukanyamaza. Hata "bibi, nilifika salama" hukusema! Mimi huku najiuliza yule mtoto wa Mwembesongo aliingia kwa mumewe au alikimbia na vyombo. Ninyi wasomaji wangu mnanijia kama choo cha stendi, mkibanwa tu. Prisca wa gazetini, anayenisomea barua na kuniandikia majibu kwa kuwa mimi shule niliiona kwa nje, anasema hilo la choo tulifute. Liache, Prisca. Haya, isome barua yake.

*Mpendwa bibi mshauri, shikamoo, naomba msaada wako na jina langu usilifiche maana mtaa mzima ulishanisema ukachoka, mimi ni Mwanahawa, napika kwenye nyumba moja ya wageni huku chini ya mlima, na aliyenileta kwenye familia hii ni Mwanaasha, alikuwa rafiki yangu kabla hajawa wifi yangu, na mwaka jana alifia hospitali, akaletwa kwangu, akalazwa sebuleni kwenye mkeka kabla ya kupelekwa kwao Mkuyuni kuzikwa, na tangu siku hiyo kifua changu kikawa kama kimefungwa kamba, nacheka na watu lakini kicheko hakishuki. Pale kazini kuna mwalimu wa yoga anaitwa Jesca, wageni wakiondoka anatuita sisi wa jikoni, tunasimama mguu mmoja kama mti, tunaanguka, tunachekana, halafu mwisho tunalala chali tumenyooka, tumefumba macho, tunasikiliza pumzi tu, na yeye anasema sauti yoyote ikija usiifuate, iache ipite. Bibi, hapo ndipo nilipoweza kumkumbuka Mwanaasha bila kubanwa, namwona anavyotembea, anavyonisema pilau yangu ina maji, nikawa nafanya na nyumbani.*

*Sasa Jumamosi moja nimelala hivyo sebuleni mkekani, kanga nimejifunika mpaka kidevuni kwa sababu ya ile baridi ya mlimani, mama mkwe akaja toka Mkuyuni na ndizi zake kama kawaida yake, akaniita, Mwanahawa, akaita tena, we Mwanahawa, mara ya tatu sauti ikakatika. Na mimi nilimsikia, bibi. Watu wote nimewaambia nilipitiwa na usingizi, hata mume wangu Mikidadi, lakini nilimsikia tangu mlangoni na nikaiacha sauti ipite kama nilivyofundishwa, nikasema moyoni bado kidogo tu naamka. Kumbe yeye anaona maiti. Akapiga yowe, majirani wakajaa, Kibwana wa nyumba ya pili alishaanza kutoa viti nje, nikafungua macho, na uso ulioniinamia ulikuwa wa Mwanaasha, macho yaleyale, nikacheka, bibi, kwa furaha ambayo sijawahi kuipata, ndipo nikaona ni mama, analia.*

*Akaondoka, ndizi akaziacha pale chini, na mpaka leo hajakanyaga kwangu, anasema nimefanyia mzaha kifo cha mwanawe. Mikidadi yuko kwenye mashamba ya miwa, anarudi mwisho wa mwezi, yeye anataka niache hayo mambo ya kujilaza kama maiti na nimwombe mama radhi kwa simu yaishe, nimepiga, hapokei. Yoga nimeacha, kifua kimerudi kubana, na Jumamosi gari za Mkuyuni zikishusha watu nasimama mlangoni kama mjinga. Mama nimemkumbuka mpaka masimango yake. Niache moja kwa moja, bibi, au nifanyeje?*

Mwanahawa, pole. Nilipomaliza kusomewa nililia, kisha nikakasirika, na hasira bado ninayo.

Tuanze na hii yoga. Nilimwambia Prisca anionyeshe. Huo mti nimeujaribu, nimeshika mlango, mguu ukapanda mpaka kwenye kifundo ukagoma, tukacheka mpaka machozi. Kulala chali nako nimelala. Mwanzo nilikuwa nawaza maharage yangu motoni tu. Mara nikamsikia mzee wangu anakohoa uani, kikohozi chake kile cha asubuhi, naye amezikwa siku nyingi mno. Nikamwambia Prisca atoke nje kidogo. Kwa hiyo sikitukani hicho kitu, na Mikidadi asikikataze. Rudi kwa Jesca, mwanangu. Pumua.

Lakini akili hukuitumia. Sauti ipite, sawa. Pikipiki ipite, muuza dagaa apite, redio ya Kibwana ipite. Mama aliyebeba ndizi toka Mkuyuni, kasimama mlangoni anakuita kwa jina, naye apite? Tena kwenye sebule ileile? Hapo Jesca hakukosea, umekosea wewe.

Na huo uongo wa usingizi ndio ulioharibu kabisa. Mtu aliyelala akiamshwa na yowe anashtuka, hacheki. Yule mama si mjinga. Anajua ulikuwa macho, na kwa kuwa hujamwambia ulichekea nini, amejitafutia sababu mwenyewe, nayo ndiyo inamla huko aliko. Sababu ya kweli umekuja kunipa mimi, kizee cha gazetini kisicho na meno, usiyenijua hata kwa sura! Mwanamke kamzika binti yake, wewe umemwona huyo binti kwenye uso wake, halafu umekaa na habari hiyo Mwembesongo unaifungia? Una roho gani?

Simu weka chini. Mikidadi usimtume. Jumamosi hii usisimame mlangoni kuangalia gari, panda. Beba sukari na majani ya chai, ndizi anazo. Ukifika mwamkie, kaa chini, na yoga usiitaje kwanza, atadhani umekuja kumhubiria. Sema, "Mama, siku ile nilikusikia unaniita. Sikuwa nimelala." Atakutukana. Mwache amalize, hata akifika kwa mama yako mzazi mwache. Akinyamaza ndipo umwambie ulimwona nani ulipofungua macho. Na useme Mwanaasha, usiseme marehemu. Nina hakika watu wote wanalizunguka hilo jina mbele yake, na yeye anatamani kulisikia kama mtu anayetamani maji. Atalia, na wewe utalia, chai itapoa, mtapasha.

Kulala chali mbele yake, marufuku. Ila machozi yakikauka mwonyeshe ule mti. Mwambie akushike bega mjaribu wote. Yule amepanda vilima na mzigo kichwani tangu mtoto. Yeye atakuwa amesimama, wewe uko chini kwenye migomba. Atakucheka. Usiamke upesi, mwanangu. Kaa hapohapo kwenye vumbi acheke mpaka atosheke.

Na kwako, ukitaka kulala chali lala, lakini mlango wazi, na kanga isipande tena kidevuni. Baridi ikikubana vaa sweta. Kibwana naye mwambie mapema, apumzishe viti vyake.

Halafu kwangu usipotee tena mpaka ubanwe. Mkipatana njooni wote wawili, Prisca atawaelekeza. Siku hiyo wewe tangulia uingie, ukae nami humu ndani, mama abaki kule barabarani akuite kama alivyokuita siku ile. Na akisema tu Mwanahawa, mara ya kwanza, itika, "Abee, mama!" Kwa nguvu, masikio yangu siku hizi ni mabovu, na mimi nataka nisikie.